Mtu wa Saa 10 Alfajiri

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi mitambo na wazazi wao, Temeke, Dar es Salaam

Wazee wangu shikamooni. Walimu na wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Na nyinyi wanangu mlioketi na ovaroli zenu, hamjambo?

Kabla sijaanza, naomba kijana aliye karibu na mlango atoke mara moja akaangalie geji ya boila, kisha arudi aniambie inasoma ngapi. Ahsante. Wakati anakwenda, niwaeleze. Ile boila ndogo ya karakana yenu, lile tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke, mnayojifunzia, nimeiwasha mimi mwenyewe leo saa 10 alfajiri. Mwalimu alinisihi nije saa 3, nikute kila kitu tayari. Nikamwambia, mwanangu, kama mnataka nizungumzie treni ya mvuke, lazima siku yangu ianzie pale inapoanzia siku ya treni ya mvuke. Chuma baridi hakiharakishwi. Ukikipa moto mkubwa kwa pupa, upande mmoja unatanuka kabla ya mwingine, viungo vinaanza kulia. Basi nimeketi pale na moto mdogo na chai yangu ya tangawizi mpaka jua likachomoza.

Umerudi? Inasoma ngapi? Bari moja, hicho ni kipimo cha msukumo wa mvuke. Bado. Kaa hapo hapo mlangoni, tutakutuma tena.

Mimi ni mtunza boila. Kwa miaka 27 nimefanya kazi kwenye vyumba vya boila vya jiji hili, kwanza viwandani, na miaka ya mwisho kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mwalimu wenu aliponipigia simu alisema darasa hili lina ndoto ya kutengeneza treni ndogo ya mvuke, ya mvuke kweli, izunguke kwenye bustani ya michezo na kubeba watoto wa mtaa siku za sikukuu. Nilikaa kimya kidogo, akadhani laini imekatika. Nilikuwa nimemkumbuka baba.

Baba yangu alikuwa firemani, yaani mtunza moto wa treni, wa Reli za Afrika Mashariki, kwenye reli ya kati. Tulikaa kota za reli pale Gerezani. Vichwa vya treni vya wakati ule viliunguza mafuta mazito, na mafuta mazito yanaacha masizi ndani ya mirija ya boila. Mrija wenye masizi haupitishi joto. Kwa hiyo firemani anakuwa na ndoo ya mchanga mkavu. Treni ikiwa inapanda mlima na moto umekolea, anachota mchanga kidogo kwa koleo, anafungua kitundu cha mlango wa tanuri, na ule mvuto wa hewa unaunyakua mchanga mkononi mwake na kuupitisha kwenye mirija yote, unaisugua kama mnavyosugua sufuria kwa majivu. Juu unatoka moshi mweusi tii, kisha unakuwa mwepesi, na geji ya mvuke inaanza kupanda. Baba hakukubali mchanga wa kuokota. Aliuchekecha mwenyewe uani, kwa chekeche la mama la unga, na huo ndio ulikuwa ugomvi wao wa kudumu.

Ndiyo maana nalipenda neno gari moshi. Leo treni zetu mpya hazina moshi. Tangu mwaka 2024 mnapanda treni ya umeme hapa mpaka Morogoro, mpaka Dodoma, na mimi nimeipanda, ni safari njema na ya haraka. Lakini wazee wetu walipouona mtambo ule wa mvuke mara ya kwanza, waliupa jina kwa kile walichokiona. Waliuona ukipumua.

Anayetaka kuviona vichwa vya enzi ya baba aende Nairobi, kwenye makumbusho ya reli. Pale kuna kichwa namba 3020, jina lake Nyaturu, kabila letu la Singida. Kuna vichwa viwili vikubwa aina ya Garratt vilivyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Vilikuwa 34, kila kimoja kina uzito wa tani zaidi ya 250, na vilipewa majina ya milima. Viwili vilivyobaki vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko karibu na Ziwa Natron. Shengena iko Upareni. Nilipokwenda nilisimama mbele ya Shengena nikaweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa cha baridi. Mount Gelai na Nyaturu viliwahi kufufuliwa vikapiga mvuke tena baada ya kustaafu, na ninaamini mafundi waliofanya kazi ile wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopata.

Sasa, ya bustani za michezo.

Mwaka 2023 mwanangu anayeishi Florida alinialika, na kwa sababu ananijua, siku ya pili tu alinipeleka kwenye bustani ya Magic Kingdom, ndani ya Walt Disney World. Wajukuu walitaka kuona mambo mengine. Mimi nilipanda treni mara tatu. Reli yenyewe ina urefu wa kilomita 2.4 hivi, inaizunguka bustani kwa dakika 20. Ilikuwa imefungwa miaka minne kupisha ujenzi, ikafunguliwa tena Desemba 2022, kwa hiyo nilifika kwa wakati.

Nilidhani nitakuta kitu cha kuchezea, injini ya dizeli iliyovishwa bomba la bandia. Wanangu, vile ni vichwa kweli. Viko vinne, vyote viliundwa na kiwanda cha Baldwin huko Philadelphia kati ya mwaka 1916 na 1928. Maisha yao ya kwanza yalikuwa Meksiko, jimbo la Yucatán, vikivuta abiria na mizigo. Mwaka 1969 watu wa Disney walivikuta huko vimechakaa, wakavinunua, wakavipeleka Tampa. Vikavuliwa mpaka mifupa, vikapewa boila mpya, na bustani ilipofunguliwa mwaka 1971, vikaanza kubeba watoto. Kipigieni hesabu kile cha mwaka 1916: zaidi ya nusu karne ya jasho, kisha nusu karne nyingine ya kubeba vicheko.

Na hapa niseme jambo ambalo halikuwa kwenye mada niliyopewa. Yucatán ndiyo nchi ya mkonge. Mkonge wetu wa Tanga na Morogoro asili yake ni huko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, iliyokuwa imetokana na ya Yucatán, na iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yote mnayoyajua. Nilipokuwa nimeketi ndani ya behewa lile huko Florida niliwaza hivyo: kichwa hiki na mkonge wetu vimetoka udongo mmoja, vimepita mlango mmoja, kimoja kikabaki pale na kingine kikaja kwetu.

Treni ilisimama kunywa maji. Abiria wengi walikuwa wanapiga picha kichwa kutoka mbele. Mimi nilimtazama binti mmoja aliyeshuka upande wa pili akiwa na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, kama birika la kahawa la wauza kahawa wetu. Alikuwa akitia tone hapa, tone pale, kila kiungo. Kisha akageuza mkono, akagusa beringi kwa mgongo wa vidole, kwa nukta moja tu. Akaenda inayofuata, akagusa. Mgongo wa vidole una ngozi nyepesi kuliko kiganja, unalihisi joto mapema, na ukiungua mkono unajikunja kuondoka, haujifungi kushika. Baba alinifundisha hivyo hivyo kwenye jiko la mama. Huyu binti hanijui, hazungumzi lugha yangu, na alikuwa akifanya kitu cha nyumbani kwetu Gerezani. Sikuona haya, nililia.

Nimefikiri sana kwa nini watoto wanaipenda treni ya namna ile kuliko mabembea ya umeme yanayozunguka kwa kasi kubwa zaidi. Jibu langu ni kwamba treni ya mvuke haifichi kazi yake. Mota ya umeme imefungwa ndani ya sanduku, huioni ikijitahidi. Kichwa cha mvuke kila kitu kiko nje: ile mikono ya chuma inayosukuma magurudumu unaiona ikienda na kurudi, mvuke unaumwagikia mguu wako, kikisimama unasikia pampu ikikoroma taratibu kama mzee aliyelala barazani baada ya chakula cha mchana. Kikianza kuondoka kinapiga pumzi nne nzito, kisha pumzi zinafuatana, na mtoto wa miaka mitatu anaelewa bila kufundishwa kwamba kitu hiki kinajitahidi kwa ajili yake. Tazameni watoto wetu pale Mnazi Mmoja wakishikana mashati nyuma na kwenda chuku chuku chuku. Hawajawahi kuiona treni ya mvuke, wala wazazi wao hawajaiona, lakini ndiyo wanayoigiza.

Na kwa sababu haifichi kazi yake, haifichi pia uzembe wa anayeitunza. Hapa ndipo nataka nikae kwa muda.

Wote mna birika nyumbani. Wanaotumia maji ya kisima wanajua: miezi miwili tu, ndani ya birika kumekuwa kweupe, kuna ukoko mgumu kama ganda la yai. Ile ni chokaa na chumvi za ardhini. Maji yakigeuka mvuke, mvuke unaondoka peke yake na chumvi zinabaki. Boila ni birika linalochemka mchana kutwa, mwezi mzima, kwa hiyo ukoko wake hauchelewi. Ukoko ukikaa juu ya bati la tanuri, moto uko upande huu, maji upande ule, katikati kuna blanketi. Joto halipiti. Bati linapata moto kupita kiasi, linalainika. Ndiyo maana boila lazima ifunguliwe na kuoshwa ndani kwa maji ya nguvu, na ukoko kukwanguliwa. Kanuni za serikali kuu ya Marekani za vichwa vya mvuke vya reli zinataka boila ioshwe kila baada ya siku 31 za kazi, kwa uchache. Na kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia, kichwa kinavuliwa kwa ukaguzi mkubwa, mirija inatolewa, unene wa chuma unapimwa. Kwa maji ya visima vya Dar es Salaam na huu upepo wetu wa bahari unaokula bati la nyumba kwa kutu, msinisikie nikiwaambia siku 31 zinatosha.

Kuna kitu kimoja kwenye boila za reli nakipenda kupita vyote. Kati ya bati la tanuri na bati la nje kuna mamia ya vyuma vifupi vinavyoyashikanisha yasiachane kwa nguvu ya mvuke. Huitwa stei. Nyingi hutobolewa tundu jembamba katikati, kama la kalamu. Stei ikipata ufa ndani, mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kufika, mvuke unapita kwenye tundu na kutoka nje kama uzi mweupe. Chuma kinakuambia chenyewe kwamba kimechoka. Lakini kinamwambia aliyepo. Uzi huo mwembamba hauonekani kwa mtu anayefika kazini saa 2 na kuondoka saa 9. Unaonekana kwa anayezunguka na tochi alfajiri.

Nina kisa changu. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, kioo cha maji cha boila, kile kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani, kilionyesha maji yapo nusu, saa nzima, hayapandi wala hayashuki. Nilifurahi. Nilidhani ni utulivu. Mzee aliyekuwa zamu nami akaja, akatazama, akaniuliza mara ya mwisho kukipuliza kioo, yaani kuzifungua koki zake ili njia zake zisafike, ni lini. Nikasema sikumbuki. Hakunigombeza. Alizima moto kwanza, kisha akafungua koki ya chini. Maji ya kwenye kioo yakatoka, na hayakurudi. Njia ilikuwa imezibwa na ukoko. Yale niliyokuwa nikiyatazama yalikuwa maji yaliyonaswa kwenye kioo, hayana uhusiano tena na boila. Ndani, maji halisi yalikuwa yameshuka kiasi ambacho mpaka leo nikikumbuka miguu inalegea.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Gettysburg, Pennsylvania. Juni 16, 1995, kichwa cha mvuke kilichokuwa kikivuta treni ya watalii kiliishiwa maji juu ya dari la tanuri. Dari likalainika, likashindwa, mvuke na moto vikaingia kwa wafanyakazi. Watu watatu waliungua. Wachunguzi walikuta nini? Njia za kioo cha maji zimeanza kuzibwa na ukoko. Ni kisa changu kile kile, ila mimi nilikuwa na yule mzee. Kanuni za siku 31 na siku 1,472 nilizozitaja zilianza kutumika mwaka 2000, baada ya Gettysburg.

Hebu kijana wa mlangoni, toka tena. Angalia geji, halafu angalia na kioo. Usije na namba moja.

Mtasema, mama, hiyo ni mitambo mikubwa, yetu itakuwa ndogo. Basi sikilizeni habari za ndogo. Huyo Walt Disney mwenyewe, kabla ya kujenga bustani yoyote, alikuwa na treni ya mvuke nyumbani kwake Los Angeles, ndogo mara nane kuliko treni ya kweli. Kichwa chake alikiita Lilly Belle, kwa jina la mkewe Lillian. Ilianza kuzunguka kwenye bustani mwaka 1950, na wageni walikuwa wanakaa juu yake kama mnavyotaka watoto wetu wakae. Mwaka 1953 mgeni mmoja aliiendesha kasi kwenye kona, ikaanguka, mvuke ukatoka, ukamuunguza msichana mdogo. Walt Disney aliifunga reli ile. Miaka miwili baadaye, Julai 1955, alifungua Disneyland, na kati ya vitu vya kwanza kuzunguka pale ni treni ya mvuke, safari hii ya ukubwa wa kubeba watu kwa usalama, yenye dereva na firemani wa kazi hiyo tu. Hakuacha kuipenda treni. Aliacha kuwapa usukani wageni. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600, na mvuke haujui kwamba boila ilitengenezwa kwa ajili ya sikukuu.

Mwalimu alinionyesha daftari lenu la mpango. Ni zuri. Kuna hesabu ya reli, mataruma, mabehewa manne, rangi nyekundu na kijani. Kuna kibanda cha tiketi. Nimelisoma kurasa zote, na sikuona mahali palipoandikwa nani ataosha boila. Hakuna fedha ya gasketi. Hakuna dawa ya maji. Hakuna mtu wa saa 10 alfajiri.

Wazazi wenzangu, mmeona mabembea mangapi mjini hapa yaliyosimama? Yalinunuliwa kwa shangwe, yakapakwa rangi, leo yamefungwa kamba ili watoto wasipande. Mara nyingi aliyenunua hakuwa mwizi wala mjinga. Alimlipa wa kuuza na wa kufunga mtambo, akasahau kumwajiri wa kuutunza. Mimi nawaomba mpindue daftari lenu. Ukurasa wa kwanza uandikwe majina ya watu wawili watakaolipwa kuitunza treni hii, mvua ikinyesha au isinyeshe, kuwe na watoto au kusiwe. Mmoja akiugua, mwingine yupo. Ukurasa wa pili, maji yatatoka wapi na yatapimwa na nani. Ukurasa wa tatu, banda la kuifungulia, lenye taa na paa lisilovuja. Mkaguzi wa boila wa serikali mwiteni mkiwa bado na michoro, kabla chuma hakijakatwa. Reli na rangi vitafuata. Mkifanya hivyo mimi nitakuja kila Jumamosi bila malipo, na chekeche la mama bado ninalo.

Umerudi. Sema. Bari tatu, na kioo robo tatu. Vizuri sana. Umekipuliza, au umekitazama tu?

Umekitazama tu. Basi twendeni wote nje, na wazazi pia, msimame nyuma ya ule mstari mweupe. Wewe utakipuliza mbele yetu. Unafunga koki ya maji, unafungua ya kumwagia, tunausikia mvuke ukipita. Kisha unafunga ya mvuke, unafungua ya maji, tunayaona maji yakipita. Halafu unafunga ya kumwagia, unafungua tena ya mvuke, mbili za juu na chini ziwe wazi, unatazama. Yakiruka juu mara moja, njia ni safi, nitakuachia uvute filimbi. Yakipanda kwa kujikokota, tunazima moto na leo hakuna filimbi. Vaa glavu kwanza.